Mtoto Anatazama Somo Simuni, Lakini Je, Analifuata?

Mzazi anatoa pesa za bando, anamwachia mwanawe simu yenye somo la sayansi na kwenda zake jikoni. Akirudi anamkuta vile vile, macho kwenye kioo. Akimuuliza umesoma nini, mtoto anababaika. Tuliyaona haya shule zilipofungwa Machi 2020, na hayajaisha.

Mwaka 2021, Jens Madsen na Lucas Parra wa City College jijini New York, pamoja na wenzao, walitoa utafiti unaolieleza jambo hili. Waliwaonyesha wanafunzi video fupi za mafunzo huku wakipima mwendo wa macho yao. Waliokuwa makini, macho yao yalikwenda pamoja: mchoro ukisogea, nao wanausogelea. Kisha wakaambiwa watazame tena huku wakihesabu kimoyomoyo kwa kurudi nyuma, saba saba. Macho hayakutoka kwenye kioo, ila sasa kila mtu alishika njia yake. Na wale ambao macho yao yalifuatana zaidi na ya wenzao ndio waliojibu maswali vyema. Walipojaribu tena majumbani kwa kamera za kawaida za kompyuta, mambo yakawa yale yale.

Tuliosoma chuoni tunakijua kile kijiti cha kufuatia herufi. Maalim akikitazama tu, anajua jicho la mtoto liko wapi. Video nyingi hazina kijiti. Kioo kimejaa maandishi, mwalimu naye anayasoma neno kwa neno, mtoto hajui asome au asikize. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, aliyetafiti haya kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa picha na maelezo ya sauti hufunza vyema kuliko kuongezea juu yake maandishi yanayorudia maneno yale yale, na kwamba mshale au rangi ya kuonyesha pa kutazama husaidia. (Neno geni la Kiingereza likiandikwa pekee, hilo kwangu ni sawa.)

Basi mchagulie video ambayo mwalimu anachora huku akieleza. Iwe fupi, dakika sita hivi. Zima milio ya WhatsApp. Katikati simamisha, mwambie akueleze alichokiona, hata kama wewe hukijui. Na tafadhali, usimtume dukani kununua nazi somo likiwa nusu, halafu ukamgombeza kwa kusahau.