Mkojo wa paka juu ya mswala: kaitazame kwanza sahani yake



Ndugu msomaji, umeamka alfajiri, umechukua udhu, unataka kusimama juu ya mswala wako, unakuta umelowa, na harufu yake unaijua. Ni paka. Kinachofuata katika nyumba nyingi ni teke, na jambo likijirudia paka hutiwa kwenye kiroba akaenda kutupwa mbali. Leo safu yetu inakuomba jambo moja kabla hujafika huko. Nenda kaitazame sahani yake. Kama paka wako ni dume, na chakula chake cha kila siku ni kikavu, huenda hajafanya utundu wowote. Huenda anaumwa, na ikiwa njia ya mkojo imeziba kabisa, basi amebakiwa na siku mbili au tatu tu za kuishi.

Suala la paka kula kikavu au cha majimaji wengi hulidhania ni la watu wa mjini, wale wanaonunua mifuko ya punje na vikopo vyenye picha ya paka. Lakini tuchukue Bugomora, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, kata ambayo ilihesabiwa ndani ya Karagwe mpaka Kyerwa ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Nyumba za huko zimezungukwa na migomba na mibuni, ndani kuna maharage na mahindi ya akiba, na panya wanalijua hilo. Paka amewekwa kwa ajili ya panya. Na chakula chake je? Ni kile kilichobaki: ndizi zilizopikwa na maharage, ugali, au kiganja cha dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, ambao jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, huwaita mukene. Kwa hiyo uchaguzi wa kikavu na majimaji upo Bugomora kama ulivyo Dar es Salaam, ila huko haujaandikwa kwenye kopo.

Tuanze na maumbile ya mnyama mwenyewe. Paka wa nyumbani asili yake ni paka mwitu wa nchi kavu, aliyeanza kuishi na watu huko Mashariki ya Kati miaka ipatayo elfu kumi iliyopita, watu walipoanza kuweka akiba ya nafaka na panya wakaifuata. Kisiwani Cyprus limefukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka pembeni yake miaka takriban 9,500 iliyopita. Sasa, mnyama wa nchi kavu hana tabia ya kunywa sana. Maji yake huyapata ndani ya windo, kwani karibu asilimia 70 ya mwili wa panya ni maji. Mwenyezi Mungu amempa figo zenye uwezo mkubwa wa kuyabana maji hayo na kutoa mkojo mzito. Lakini kiu yake ni hafifu. Ukimlisha vikavu atakunywa zaidi kidogo, ila mara nyingi hafidii pengo lote.

Hebu tupige hesabu. Paka mkubwa wa kilo 4 huhitaji takriban mililita 200 za maji kwa siku, kiasi kisichofika kikombe kikubwa cha chai. Punje za dukani zina maji asilimia 10 au pungufu, na dagaa aliyekaushwa vizuri hayuko mbali na hapo. Gramu 60 za punje zinamtosha kwa siku nzima, lakini ndani yake amepata gramu 6 tu za maji. Chakula cha kopo kina maji asilimia 75 hadi 80. Atahitaji gramu 200 hadi 250 ili ashibe, na humo atakuwa amekwisha kunywa karibu maji yake yote bila kukaribia bakuli. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya vyakula hivi viwili.

Maji yakipungua, mkojo huwa mzito, na katika mkojo mzito chembechembe za chumvi hukutana zikafanya kama mchanga. Paka jike njia yake ni fupi na pana, mara nyingi mchanga huo hupita. Dume njia yake ni nyembamba mno, na donge dogo tu huiziba. Si kila paka alaye kikavu hupatwa na maradhi haya, na yako mambo mengine yanayochangia, kama vile unene, kufungiwa ndani na hofu. Lakini ukavu wa chakula ni jambo moja ambalo liko mikononi mwako. Dalili ndizo hizi: anachuchumaa mara kwa mara pasipo kutoa kitu au anatoa tone lenye damu, analia anapojikakamua, anajilamba sana sehemu za siri, na anakojoa mahali ambapo hakuzoea. Mkojo ukimuuma pale pa kawaida hutafuta mahali pengine palipo laini na safi, na katika nyumba ya Muislamu mahali laini na safi kuliko pote ni mswala.

Ukiona anajikakamua bila kutoa kitu, mtafute daktari wa mifugo au afisa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Penye vifaa, daktari huingiza mpira mwembamba kuzibua. Na tafadhali sana, usimpe Panadol wala dawa yoyote yenye parasetamo. Kwa binadamu ni dawa, kwa paka ni sumu. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Je, tuseme basi chakula kikavu ni kibaya? Hapana. Kikavu kina sifa zake. Hakiharibiki haraka, kinaweza kukaa sahanini tangu asubuhi wakati wewe uko shambani, na hakiwaiti nzi kama kile cha majimaji. Cha majimaji kikishaachwa saa moja au mbili kimeanza kuharibika, na nzi huyo aliyetua kwenye sahani ya paka ndiye atakayetua kwenye sahani ya mtoto. Wanaosema kikavu husafisha meno ya paka wanatia chumvi. Punje za kawaida hazifanyi kazi hiyo kwa kiasi cha kutegemewa. Wala usidhani kopo ni dhamana. Mwezi Machi mwaka 2007, huko Amerika ya Kaskazini, mamilioni ya makopo na vifuko vya chakula cha paka na mbwa yaliondolewa madukani baada ya wanyama kufa kwa figo. Unga wa protini ya ngano kutoka China uliotumika humo ulikutwa umechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili uonekane una protini nyingi. Mwaka uliofuata melamini hiyo hiyo ikakutwa katika maziwa ya watoto wachanga nchini China.

Kikavu nacho kina adui yake, ambaye ni sumukuvu. Mahindi yaliyoota ukungu hayamfai paka kama yasivyokufaa wewe. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Usifanye sahani ya paka kuwa jalala la unga ulioharibika.

Lakini liko jambo kubwa kuliko ukavu na majimaji, nalo ni nyama. Mbuzi hula majani, mbwa anaweza kuishi kwa mchanganyiko, ama paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake unahitaji kitu kiitwacho taurini, ambacho hawezi kujitengenezea cha kutosha na ambacho hakimo katika ndizi, ugali wala maharage. Mwaka 1975 watafiti walieleza jinsi paka wanaokosa taurini wanavyoharibika macho hadi kupofuka, na mwaka 1987 ikathibitika huko Marekani kwamba upungufu huo huo hudhoofisha moyo wao. Kwa hiyo paka wa ndizi na maharage, hata kama chakula chake ni cha majimaji tele, yuko katika hatari akikosa panya. Panya, ndege na senene wa msimu ndio wanaomwokoa, na ndiyo sababu wa shambani huonekana wazima hata pale wenyewe wanapowapa makombo tu. Yule anayefungiwa ndani hana njia hiyo.

Na ile kauli kwamba paka akishibishwa hawindi, si sahihi. Paka huwinda kwa silika hata akiwa ameshiba. Mwenye njaa ndiye anayeruka juu ya chungu chako.

Sasa turudi jikoni, kwa sababu dagaa wale wale wakavu wanaweza kugeuzwa kuwa chakula cha majimaji bila kununua kopo lolote. Dagaa wengi huanikwa juu ya mchanga ufukweni, kwa hiyo waoshe mara mbili tatu mpaka maji yaache kuwa na mchanga. Wachemshe kwa maji mengi, bila chumvi, mpaka walainike. Halafu, na hapa ndipo wengi tunapokosea, usimwage ile supu. Taurini huyeyuka katika maji, kwa hiyo sehemu yake imehamia humo. Mpe dagaa pamoja na supu yao. Ukitaka kuongeza ugali au wali laini, uwe kidogo, usifike hata robo ya sahani. Siku nyingine badilisha: utumbo wa kuku uliopikwa, moyo wa ng'ombe, na maini mara moja tu kwa wiki, maana maini ya kila siku humletea maradhi ya mifupa. Samaki mbichi mwache. Baadhi ya samaki wa maji baridi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na kuchemsha hukiondoa.

Kitoweo chenu chenye mchuzi usimpe. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi au vilivyopikwa, huharibu damu ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa kama sindano. Na maziwa, ambayo sisi sote tumekua tukiamini ni haki ya paka, na kule Karagwe na Kyerwa penye ng'ombe hayakosekani, yanawaharisha paka wengi wakubwa. Maziwa hayachukui nafasi ya maji.

Katika mafundisho yetu, maji na chakula vya paka si jambo dogo. Katika Hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) anatueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tazama kuwa kunyweshwa kumetajwa pamoja na kulishwa. Na ile Hadithi inayotufundisha kwamba paka si najisi, iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai, imekuja katika kisa cha maji vile vile. Sahaba Abu Qatada alikuwa anataka kutawadha, paka akaja, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha, mke wa mwanawe, alipomtazama kwa mshangao, ndipo akamweleza aliyoyasikia kutoka kwa Mtume (s.a.w), kuwa paka ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani.

Kwa wale wanaonunua vya dukani kuna la kuangalia. Lebo nyingi za nje huandika tu kwamba ndani mna nyama na mazao ya wanyama, bila kusema ni mnyama gani, na zipo zinazotaja nguruwe waziwazi. Paka hana taklifu, ni kweli. Lakini anayetoa fedha ni wewe, na biashara ya nguruwe imeharamishwa katika Hadithi sahihi. Chagua kilichotajwa samaki au kuku, na lililokutatiza muulize sheikh wako.

Akina mama wajawazito nao wana fungu lao. Paka anayekula nyama mbichi anaweza kubeba kijidudu cha toksoplasma, kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kijidudu hicho kikitoka kwenye kinyesi huhitaji siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza. Basi kinyesi kiondolewe kila siku, na aliye mjamzito asiwe ndiye anayekiondoa. Siku za Idi ya kuchinja, vile vipande vinavyotupwa uani vipikwe kwanza ndipo apewe.

Ukibaki na punje au dagaa wakavu kwa sababu ya kazi au kipato, hilo halina lawama. Loweka punje hizo kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumpa, na zisizoliwa zitupwe zisilale. Weka maji mahali pawili, mbali na chakula na mbali na choo chake, katika bakuli pana ambalo sharubu zake hazigusi kingo, na uyabadilishe kila siku. Paka wengi huyakataa maji yaliyolala.

Ama ule mswala, mate ya paka hayana tatizo, lakini mkojo wake ni najisi kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Uoshe kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, uanike juani mpaka harufu iishe kabisa. Usitumie dawa ya kusafishia yenye amonia, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo na paka atarudi pale pale. Kisha siku hiyo mfuatilie anapokwenda kujisaidia, uone kama kinatoka kitu.