Makuruhi: Neno Lililomnunisha Mjukuu

Ijumaa moja huko Nyali, kijana wa kidato cha pili alikula kachumbari iliyojaa vitunguu vibichi, kisha akavaa kanzu na kofia tayari kwenda msikitini. Nyanya yake akamzuia mlangoni. "Mjukuu wangu, kapige mswaki kwanza. Hayo ni makuruhi."

Kijana alilijua neno hilo kwa maana moja tu: kitu cha kuchukiza, cha kutia kinyaa. Akanuna mchana kutwa.

Je, msomaji, alitukanwa?

Makuruhi limetoka katika Kiarabu, nako maana yake ni kinachochukiwa. Mzizi huo huo umetuzalia karaha, ikirahi na kirihi. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu huyagawa matendo mafungu matano: faradhi, sunna, mubaha, makuruhi na haramu. Aachaye makuruhi hupata thawabu, lakini atendaye hana dhambi. Kitunguu ni halali. Linalochukiza ni kuingia msikitini na harufu yake, ukamkera mwenzako mliyesimama naye bega kwa bega.

Neno lilipotoka chuoni likaingia mitaani, mizani hiyo ilipotea, likawa sawa na kinyaa. Lakini kinyaa ni neno la Kibantu, limetokana na -nya, kitenzi kile kile cha methali isemayo, "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha." Kinyaa huonwa kwa macho na pua. Makuruhi hupimwa kwa adabu.

Huko huko Nyali lipo kaburi la Rosine, mkewe mmishenari Ludwig Krapf, aliyefariki mwaka 1844. Krapf aliendelea kuwauliza wenyeji wa Mombasa na Rabai maana ya maneno yao, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mgeni aliuliza. Kijana wetu, mwenye mwalimu nyumbani, alinyamaza akanuna.

Jioni alishindwa kuvumilia. "Nyanya, kwani mimi nachukiza?"

Bibi akacheka hadi machozi. "Nikuchukie wewe? Nilichochukia ni kile kitunguu!"

Nawe msomaji, neno la mzee likikuchoma, usikimbilie kununa. Muulize yeye kwanza.