Je, Wajua? Kombolela ya Wanahisabati

Mbweha hafiki siku ya saba
Mashimo 5 yako kwenye mstari. Mbweha amejificha katika mojawapo, na kila usiku ni lazima ahamie shimo la jirani. Wewe unachungulia shimo moja tu kwa siku. Anza na la 2, la 3, la 4, kisha rudia 2, 3, 4: siku 6 hazipiti hujamkamata, awe na bahati ya namna gani! Siri yake ni tamu: kila usiku anatoka namba witiri kwenda shufwa, au kinyume chake. Mzunguko wa kwanza humnasa aliyeanzia shufwa, wa pili aliyeanzia witiri. Kama huamini, chukua karatasi ujaribu.

Giza ni ghali
Sasa askari wanamsaka mwizi. Chora vituo 1,000, kila kimoja kikiwa na njia ya kwenda vingine vyote. Mwizi akionekana, askari 1 anatosha, maana yuko hatua moja tu kutoka kwake. Asipoonekana kabisa, wanahitajika 500.

Yote yalianzia pangoni
Mwaka 1967 Mmarekani Richard Breisch, mpenzi wa mapango, aliandika kuhusu namna ya kumpata mtu aliyepotea pangoni huku akitangatanga. Mwanahisabati Torrence Parsons akalidaka swali hilo. Pango likiwa njia moja tu, mtafutaji 1 humaliza kazi. Likiwa na njia panda yenye matawi matatu, ameshindwa: akikagua tawi hili, mtu anahama kutoka la pili kwenda la tatu, au anarudi palepale palipokwisha kukaguliwa. Wakiwa wawili, mmoja hulinda njia panda.

Askari 3, vituo milioni
Aigner na Fromme walithibitisha mwaka 1984 kwamba kwenye ramani ambayo njia zake hazikatani, askari 3 humkamata mwizi yeyote anayeonekana, hata vituo vikiwa milioni. Mwizi akitoweka machoni, ahadi hiyo inavunjika: zipo hata ramani zenye umbo la mti, za matawi tu, zisizo na mzunguko wowote, zinazodai askari 100.

Mtoro wa London
Katika Scotland Yard, mchezo wa mezani uliotoka Ujerumani mwaka 1983, mtoro, Mister X, hujionyesha katika hatua ya 3, 8, 13 na 18. Katikati, wapelelezi huona tiketi zake tu: teksi, basi au treni ya chini ya ardhi. Tiketi moja ya treni hufuta vituo vingi vya kushuku, ndiyo maana mtoro hupewa pia chache nyeusi, zisizosema amepanda nini.