Chungu Kimoja, Hesabu Mbili: Nani Huhesabiwa Fedha za Msaada Zinapofika?

Muuza unga wa Didia hahitaji kutangaziwa kwamba fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zimeingia vijijini. Atawaona wateja waliopotea kwa wiki kadhaa wakija kufuta madeni, na sembe ya kupima itatoka kuliko siku nyingine. Jambo ambalo wengi katika biashara hiyo hawalifahamu ni namna kiasi anacholipwa kila mlengwa kinavyopatikana. Kaya mbili zenye walaji sawa zinaweza kulipwa fedha tofauti, na mwenye duka aliyekopesha kwa kuhesabu watoto wanaocheza uani anaweza kubaki na daftari lisilolipika. Wiki hii safu hii inaeleza hesabu hiyo, maana ndani yake mna mahitaji ya soko na mtaji wa mtu.

KAYA NI NANI?

Kwa maana inayotumiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), kaya ni mtu mmoja au kundi la watu wanaoishi pamoja na kushirikiana katika mahitaji ya maisha, hususan chakula. Ni maana ya chungu: wanaokula pamoja ni kaya. Kwa Msukuma neno hilo ni pana zaidi. Kaya ni mji mzima, watu na ng'ombe, pamoja na wake wawili au watatu wenye majiko yao na vijana waliooa wakiwa bado kwa baba. Karani akifika na fomu zake, mji huo mmoja unaweza kugeuka kaya tatu, na mume anayelala huku leo na kule kesho ataandikwa mahali pamoja tu.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa Agosti 2012, ulianza na mkutano wa kijiji. Wanakijiji wenyewe walikubaliana ni nani maskini kwao, wakataja majina. Kisha waliotajwa walijaziwa fomu: paa la nyumba ni la nini, sakafu ni ya nini, kuna mifugo na vyombo gani, wapo watu wangapi, wa umri gani, wamesoma hadi wapi. Majibu yakaingizwa katika kompyuta, ambayo haiulizi kipato bali inakikisia kutokana na majibu hayo. Orodha ikarudi mkutanoni kuthibitishwa.

Hapo ndipo zinapoanza hesabu mbili ambazo kila mpango wa msaada unazo, uwe wa Shinyanga au wa Ulaya. Ya kwanza ni hesabu ya vinywa: wangapi wanakula. Ya pili ni hesabu ya mifuko: wangapi wanadhaniwa kuleta. Mtu mmoja anaweza kuwa ndani ya hesabu moja na nje ya nyingine.

VINYWA VINA KIKOMO

Tuchukue viwango vya awamu ya kwanza ya mpango huo, ambavyo vilikuwa wazi kuliko vingine. Kila kaya ilipewa Sh. 10,000 za msingi kwa mwezi. Ikiwa na mtoto chini ya miaka 18, iliongezewa Sh. 4,000, awe mmoja au saba. Mtoto mchanga aliyehudhuria kliniki alileta Sh. 4,000 nyingine, nazo hazikuongezeka kwa mtoto wa pili. Mwanafunzi wa shule ya msingi aliingiza Sh. 2,000, mwisho wanafunzi wanne. Wa kidato cha kwanza hadi cha nne Sh. 4,000, mwisho watatu. Wa kidato cha tano na sita Sh. 6,000, mwisho wawili. Juu ya yote kulikuwa na kikomo cha Sh. 38,000 kwa kaya, na malipo yalitoka kila baada ya miezi miwili.

Sasa mfano. Bibi anaishi na binti yake na watoto wanne: mmoja wa miaka mitatu, wawili wa shule ya msingi, mmoja wa kidato cha pili. Hesabu yake kwa mwezi ni Sh. 26,000. Mtoto wake wa kiume anakwenda machimboni na kumwachia wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Wakiandikishwa, hesabu inapanda hadi Sh. 30,000. Akija mjukuu wa tatu wa shule ya msingi, na mwingine wa mwaka mmoja, haiongezeki hata senti moja, kwa sababu nafasi za wanafunzi wanne zimejaa na nafasi ya mchanga imejaa. Walaji ni kumi na fedha ni Sh. 30,000, yaani Sh. 100 kwa kila mtu kwa siku.

Msomaji alinganishe na mstari wa umaskini wa chakula uliotolewa na NBS kutokana na utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18. Ulikuwa Sh. 33,748 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Kwa hiyo fedha zote za bibi yule na watu wake tisa hazikufikia chakula cha mtu mzima mmoja. Wanaosema vijijini kwamba TASAF inafuga wavivu wafanye hesabu hiyo kwanza.

Si kwamba mpango haukujua kuzidisha. Kikomo kiliwekwa makusudi, ili kuzaa au kukusanya watoto kusiwe njia ya kuongeza malipo. Kwa mhasibu sababu hiyo ina maana. Kwa Usukumani, ambako mtoto wa ndugu hakataliwi mlangoni, inamwangukia aliyepokea wengi.

MCHIMBAJI HAYUPO, BATI LIPO

Ugumu mkubwa zaidi wa ukanda huu uko katika hesabu ya mifuko, na unatokana na dhahabu. Kijana wa Didia anaweza kukaa Mwakitolyo miezi minane, au akavuka hadi Geita, na kurudi wakati wa kulima. Je, ni mwanakaya? Kwa maana ya chungu, mwezi ambao hayupo hali pale. Lakini mwaka alioangukiwa na bahati alimnunulia mama yake bati, na bati halishuki juu ya nyumba mfuko unapokauka. Fomu inaliona bati. Haimwoni kijana ambaye duara lake limejaa maji na ambaye hajatuma kitu tangu mavuno.

Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, iliongeza swali jingine: je, kaya ina mtu mwenye nguvu za kufanya kazi? Yenye nguvu kazi ilitakiwa kushiriki ajira za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara za kijiji, na isiyo nayo ikapewa ruzuku ya moja kwa moja. Kumwandika kijana wa machimboni kukawa na gharama, kwa kuwa jina lake linaifanya kaya ionekane ina mikono, ilhali mikono hiyo iko kilomita nyingi kutoka hapo. Kutomwandika nako kuna hatari yake, kwani akirudi siku ya uhakiki anaonekana kama siri iliyofichwa.

Na uhakiki ulikuja kweli. Mwaka 2016 Serikali iliamuru orodha zipitiwe nchi nzima na kaya zaidi ya 50,000 zikaondolewa. Magazeti yakaziita kaya hewa. Jina hilo linauza gazeti, lakini limechanganya watu wa aina nyingi: waliokufa, waliohama, viongozi waliojiandika, na wale ambao kipimo cha pili kiliwaona si maskini kama cha kwanza kilivyowaona. Mwenye duka aliyekuwa akiwadai hakuulizwa.

WAGENI WAKO WAPI?

Swali la wageni halikwepeki katika eneo ambalo barabara ya kwenda Rwanda na Burundi inapita Tinde na Isaka. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inasema mkutano wa kijiji ni wa kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Inataja ukazi, haitaji uraia. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, asitoke bila kibali. Mrundi anayeponda mawe ya dhahabu bila karatasi hatasimama mkutanoni kuomba jina lake liandikwe, kwa sababu atakuwa amejitangaza.

Wako pia waliokwisha kubadilika. Warundi waliokimbia 1972 na kuwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walifikia takriban 162,000 waliokubaliwa uraia, na vyeti vilianza kutolewa 2014. Hao si wageni tena, ingawa majirani hawajasahau. Mtoto aliyezaliwa nchini na mama Mtanzania naye ni raia, hata kama baba yake ni wa ng'ambo ya mpaka. Kaya moja basi inaweza kuwa na mama na watoto wasio na shaka, na baba ambaye hakuna anayetaka kumtaja karani akiwapo. Watoto wanahesabiwa na baba hatajwi, ila chakula anakula.

Kambini mambo ni kinyume. Katika Nyarugusu ya Kasulu (msomaji wa Geita asiichanganye na Nyarugusu ya dhahabu) msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) unafuata kichwa kilichoandikishwa. Mgao kamili hukadiriwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, bila kuuliza paa. Aliyeandikishwa anapata, mtoto ambaye hajaandikishwa anakula cha wenzake. Kinachobadilika ni ukubwa wa kibaba: mwaka 2023, wafadhili walipopungua, mgao ulishushwa hadi nusu. WFP ilijaribu pia kulipa fedha taslimu Nyarugusu kuanzia mwisho wa 2016, Serikali ikasimamisha 2017, na baadaye masoko ya pamoja kati ya wakimbizi na wenyeji yakafungwa. Wafanyabiashara wa mahindi wa Kigoma walipoteza wateja kwa amri, si kwa bei.

Maelfu ya watu wa kambi hizo wamehamishiwa Marekani, na baadhi yao ndio wanaotuma fedha kwa ndugu waliobaki huku. Huko msaada wa chakula huitwa SNAP, na sheria yake inazitaja hesabu mbili waziwazi. Kaya ni wanaonunua na kupika pamoja, lakini mume na mke, na watoto chini ya miaka 22 wanaoishi na wazazi, huhesabiwa pamoja hata wakitenga vyungu. Mgeni asiye na sifa hutolewa katika hesabu ya vinywa, ila sehemu ya mshahara wake hubaki katika hesabu ya mifuko. Hatiliwi chakula sahanini, lakini mfuko wake unapekuliwa. Mwenye ukaazi wa kudumu aliye mtu mzima kwa kawaida husubiri miaka mitano. Mkimbizi hakuwa na kusubiri huko, mpaka sheria ya Julai 2025 ilipowaondoa wakimbizi wasio na ukaazi wa kudumu. Mlaji aliyeondolewa kule hununua chakula kwa mshahara, na mshahara huo ndio uliokuwa ukikatwa kidogo kuja huku.

DAFTARI LA MADENI

Turudi dukani. Msaada wa nafaka yenyewe unamgusa mfanyabiashara kwa njia nyingine. Katika njaa ya 2006 Serikali iliuza mahindi ya akiba kwa Sh. 50 kwa kilo kwa wenye uwezo na kuwagawia bure wasio nao, orodha ikipangwa kijijini. Aliyekuwa na magunia ghalani alishindana na bei ambayo hakuna soko linaloweza kuitoa. Mikoa yenye ukame ikianza kutajwa katika taarifa za tathmini ya chakula, mwenye ghala aangalie kijiji kipi kimeorodheshwa kabla ya kununua shehena ya pili.

Kwa anayekopesha unga dhidi ya malipo ya TASAF, ushauri wa safu hii ni kutokopesha zaidi ya nusu ya malipo ya mara moja, na kutoshika kitambulisho cha mlengwa kama dhamana. Kitambulisho si mali ya dukani, na siku ya uhakiki mlengwa asiyekuwa nacho ndiye anayeshukiwa. Aulize pia watoto wanasoma darasa gani. Awamu ya pili ilibadilisha viwango lakini ikabaki na sehemu inayotegemea watoto walio shuleni. Mtoto wa darasa la saba hufanya mtihani Septemba, kidato cha kwanza huanza Januari, na katikati hapo si mwanafunzi wa popote. Taarifa zake zisipobadilishwa kwa wakati, fedha za shule ya msingi hukatika na za sekondari hazijaingia. Hiyo pia ndiyo miezi ambayo mahindi ya msimu uliopita yamepungua ghalani, bei inapanda, na mama wa nyumba hiyo anakuja kuomba debe la mkopo.