Tetemeko Lilibomoa, Wanavijiji Wakajenga

Nyumba yako ikibomolewa na tetemeko la ardhi, utapenda serikali ikujengee nyingine, au ikupe fedha ujenge mwenyewe?

Serikali ya Pakistan ililazimika kuamua jambo hilo. Tarehe 8 Oktoba, 2005, asubuhi, ardhi ilitetemeka katika milima ya kaskazini. Watu zaidi ya 73,000 walikufa. Wengine wapatao milioni 3 walikosa makazi. Nyumba nyingi za huko zilikuwa za mawe na udongo, na mapaa yake yalikuwa mazito. Ukuta wa namna hiyo ukitikiswa, mawe huachana na paa huwaangukia waliomo ndani.

Serikali iliamua kutoa ruzuku. Ruzuku ni fedha ya msaada. Hairudishwi kama mkopo. Mwenye nyumba iliyobomoka kabisa alipangiwa rupia 175,000. Lakini hakupewa zote mara moja. Kwanza alipewa 25,000 za kujikinga na baridi. Kisha akapewa 75,000 za kuanza ujenzi. Rupia 75,000 zilizobaki zililipwa kwa mafungu mawili.

Je, unajua kwa nini? Mafungu hayo mawili yalisubiri ukaguzi. Mkaguzi alifika kijijini, akatazama msingi, na baadaye akatazama kuta. Kazi ikiwa imara, fedha ililipwa. Ikiwa na kasoro, mwenye nyumba aliambiwa airekebishe kwanza. Ukali huo uliwaudhi wengi, lakini ulikuwa wa haki. Nyumba dhaifu ndizo zilizoua watu.

Shida kubwa ilikuwa vifaa. Mwanzoni wakaguzi walitaka saruji na nondo. Hebu fikiri kupandisha mfuko wa saruji mlimani, mahali pasipo na barabara! Nauli ilimaliza fedha.

Wazee wa huko walikuwa na ujenzi wao wa zamani, uitwao dhajji. Husimamisha nguzo na kuzifunga kwa mbao, nyingine zikiwa za mshazari. Kisha hujaza mawe madogo na udongo katikati. Wewe unayejua kukandika nyumba ya miti utaelewa upesi. Nyumba hiyo ni nyepesi. Ikitikiswa huyumba, lakini haianguki ovyo. Nyumba nyingi za dhajji zilikuwa zimesimama baada ya tetemeko.

Wataalamu walizichunguza, na serikali ikaukubali ujenzi huo. Tangu hapo, aliyejenga dhajji vizuri alilipwa ruzuku sawa na aliyejenga kwa saruji.