Je, Wajua? Ziwa Garda kwa Gari-nyumba, Bila Gari Dogo

Je, wajua kwamba gari-nyumba likishaegeshwa kambini haliendi tena dukani? Umelisawazisha kwa vipande vya plastiki chini ya matairi, umechomeka umeme, umekunjua turubai la kivuli, umepanga meza na viti. Kulitumia kufuata mkate ni kufungasha vyote hivyo, kisha kuzunguka mji wa mawe na chombo cha mita saba ukitafuta pa kukiweka. Ndiyo maana wasafiri wengine wa Ulaya huvuta kigari kidogo nyuma. Asiye nacho aipime kambi kwa swali moja: nikitoka getini kwa miguu, nafika wapi? Ziwa Garda, kaskazini mwa Italia, linajibu swali hilo vizuri sana, ila jibu hubadilika kila upande wa maji.

Je, wajua kwamba mikoa mitatu inagawana ziwa hili? Lombardia iko magharibi, Veneto mashariki, Trentino-Alto Adige ncha ya kaskazini. Ni ziwa kubwa kuliko yote Italia: kilomita za mraba zipatazo 370, urefu wa kilomita hamsini na kitu, kina cha mita 346. Kwa msafiri wa basi mgawanyo huo una maana, kwa sababu kila upande una mabasi yake, na tiketi ya huku usiitegemee kule. Boti, kwa bahati nzuri, ni za mamlaka moja ya serikali, Navigazione Laghi, na zinaunganisha pande zote tatu.

Je, wajua kwamba treni inaligusa ziwa mahali pawili tu? Reli ya Milano kwenda Venezia inapita kusini, ikisimama Desenzano na Peschiera. Kaskazini palikuwa na reli nyembamba iliyofika hadi mji wa Riva tangu 1891, ikafungwa 1936. Leo anayekwenda Riva kwa treni hushuka Rovereto akapanda basi.

Kwa hiyo Peschiera naiweka ya kwanza, hasa kwa anayekuja mara ya kwanza. Stesheni iko karibu na mji wa kale, na mji wenyewe umezungushiwa ngome ya Wavenezia yenye pembe tano iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017. Verona ni robo saa hivi kwa treni, na hata Venezia unaweza kwenda na kurudi siku moja. Mto Mincio unatokea hapahapa ziwani, na kandokando yake inaanza njia ya baiskeli ya zaidi ya kilomita arobaini, karibu yote tambarare, hadi Mantova. Ukichoka kurudi kwa kanyagio, Mantova ina treni ya Verona, na Verona ina treni ya Peschiera. Baiskeli nayo hukatiwa tiketi. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igongwe muhuri kwenye mashine kabla hujapanda. Mkaguzi hapokei maelezo ya mgeni.

Je, wajua kwamba unaweza kutembea ukingoni mwa maji kutoka Peschiera hadi mji wa Garda, ukipitia Lazise na Bardolino? Huu ndio utajiri wa pwani ya mashariki. Kambi zimejipanga kati ya barabara kuu na ziwa, moja baada ya nyingine, na nyingi zina geti dogo la nyuma linalofunguka moja kwa moja kwenye njia ya ufukweni. Geti hilo liulizie kabla hujalipa amana. Kambi mbili zinaweza kutofautiana mita mia mbili tu kwenye ramani, lakini mgeni wa hii akatembea kivulini hadi gati la boti, na wa ile akabanwa kando ya Gardesana, barabara ambayo sehemu nyingine haina hata kijia cha waenda kwa miguu, huku malori yakimpita bega kwa bega. Ukiandikiwa kwamba mji uko mita 800, uliza zaidi: mita 800 za njia gani? Na kambi iliyo ng'ambo ya barabara, upande wa mlimani, huitwa ya ziwani vilevile.

Masoko ya wiki nayo yamefuatana pwani hiyo: Peschiera Jumatatu, Lazise Jumatano, Bardolino Alhamisi, Garda Ijumaa. Mwenye kikapu na miguu mizima hapungukiwi nyanya, jibini wala kuku wa kuchoma.

Je, wajua kwamba kabla ya 1931 hapakuwa na barabara ya kupita ukingoni mwa ziwa kufika mji wa Limone? Watu walifika kwa mashua au kwa vijia vya mlimani. Kisha ikachongwa Gardesana ya magharibi, mfululizo wa mahandaki ndani ya majabali. Ni kazi ya ajabu kuitazama, na ni jasho jembamba kwa dereva wa gari pana anapopishana na basi la watalii gizani. Kambi za upande huo nyingi zimejengwa kwa ngazi mlimani. Ukirudi na mifuko ya ununuzi, magoti ndiyo yanayolipa. Limone ni pazuri mno, na ushauri wangu ni uende kwa boti kutoka Malcesine, pwani ya mashariki.

Malcesine penyewe pana kibanda cha kamba kinachopanda Monte Baldo, kutoka karibu usawa wa maji hadi mita zipatazo 1,760. Katika sehemu ya pili ya safari kibanda hujizungusha polepole, kila abiria akapata dirisha la ziwa. Kituo chake cha chini kiko mjini, hatua chache kutoka gati. Siku nzima ya mlima bila kuwasha injini.

Je, wajua kwamba ziwa hili lina pepo mbili zinazopokezana zamu? Pelèr huvuma kutoka kaskazini alfajiri na asubuhi. Ora huanza kutoka kusini karibu na adhuhuri na kukolea alasiri, hasa ncha ya Riva na Torbole. Mwandishi Mjerumani Johann Wolfgang von Goethe alizijua kwa shida. Mwezi Septemba 1786 aliondoka Torbole kabla ya mapambazuko kwa mashua ya makasia. Upepo ulikuwa mgongoni mwake. Yeye na wapiga makasia walipoipita Limone ukageuka, makasia yakashindwa, ikabidi watie nanga Malcesine. Akakaa kuchora ngome kuukuu, wenyeji wakamdhania jasusi wa Austria, akaponea chupuchupu kukamatwa. Aliyemtetea ni mtu wa hapo aliyewahi kufanya kazi Frankfurt, mji alikozaliwa Goethe.

Kwa mwenye gari-nyumba somo la Ora ni fupi: ukipiga kambi kaskazini, kunja turubai lako kabla ya kwenda matembezini, hata asubuhi ikiwa shwari kabisa. Turubai lililong'olewa saa tisa alasiri humwangukia jirani. Kaskazini kuna faida yake lakini: kwenye maji ya Trentino boti binafsi za injini zimepigwa marufuku, kwa hiyo matanga yanatawala na kelele ni kidogo, na kati ya Riva na Torbole unatembea au kuendesha baiskeli kando ya maji.

Je, wajua kwamba sheria ya Italia inatenganisha kuegesha na kupiga kambi? Kifungu cha 185 cha sheria ya barabarani kinasema gari-nyumba limeegeshwa tu endapo limesimama kwa matairi yake, halimwagi kitu chochote nje isipokuwa moshi wa injini, na halichukui nafasi zaidi ya umbo lake. Ukitoa kiti kimoja nje, umeshapiga kambi. Kifungu hichohicho kinaruhusu maegesho ya kulipia yatoze gari-nyumba asilimia 50 zaidi ya gari la kawaida. Ongeza vyuma vya kuzuia magari marefu kwenye maegesho mengi ya ziwani, nawe una gari lenye kimo cha karibu mita tatu. Anayepanga kulala kambini na kuzunguka miji mchana kwa gari-nyumba ajue kwamba miji hii haikumwekea nafasi.

Sirmione ndiyo mfano. Mji wake wa kale uko kwenye ncha ya rasi nyembamba, na mlango wa nchi kavu ni daraja la ngome ya Scaligero. Nenda kwa boti. Stesheni inayobeba jina lake iko Desenzano, na kutoka huko bado kuna basi.

Je, wajua birika lako linaweza kuzima umeme? Kambi nyingine hutoa ampea 6. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 1,380. Birika la kawaida la nyumbani hula wati 2,000 au zaidi; kitufe kinaruka, na saa hiyo fundi wa kambi yuko mapumzikoni. Chemsha kwa gesi.

Mapumziko hayo ni jambo la kupangia safari. Kambi nyingi za Italia hufunga kizuizi cha magari kati ya saa saba na saa tisa mchana, na aliyechelewa husubiri nje juani. Mtembea kwa miguu hupita bila kuulizwa.

Msimu nao: kambi nyingi hufunguliwa karibu na Pasaka na kufungwa Oktoba. Pantoni ya magari kati ya Maderno, pwani ya magharibi, na Torri, pwani ya mashariki, huvusha mwaka mzima, na abiria wa miguu hupanda pia, lakini safari nyingine za boti hupunguzwa sana majira ya baridi. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda: boti ziko nyingi na nafasi kando ya maji bado zinapatikana.

Je, wajua kwamba ng'ambo ya mpaka, mkoa wa Ticino nchini Uswisi, mgeni wa kambi hupewa Ticino Ticket ya kupanda treni na mabasi ya mkoa bila malipo? Ilianza 2017. Garda hakuna kadi moja kwa ziwa zima, ila uliza mapokezini. Ofisi za utalii za baadhi ya maeneo zina kadi zake.

Na opera ya Verona? Tamasha la Arena lilianza 1913 kwa Aida ya Verdi, na linachezwa katika uwanja wa Kirumi ulio wazi juu. Maonyesho huanza usiku ukishaingia na yanaweza kupita saa sita, wakati treni za kurudi Peschiera zimekwisha au zinakaribia kwisha. Baadhi ya kambi huuza tiketi pamoja na basi la kwenda na kurudi. Kata hiyo.