Baraza la Watu Saba

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa watu wa makabila mengi wanakaa pamoja. Wapo Wanyambo, ambao ni wenyeji. Wapo Wahaya. Wapo Wahima wenye ng'ombe. Wapo Wasukuma, Waha na wengine waliokuja kutafuta mashamba na malisho. Ng'ambo ya mto Kagera kuna nchi za Rwanda na Uganda, na watu wa huku na huku wameoana tangu zamani.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika wa Karagwe aliwapokea Waingereza wawili, Speke na Grant. Wakati huo wafanyabiashara Waarabu walikuwa wanakaa Kafuro, katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe. Wengi wao walirudi kwao mwaka 1996.

Kukaa na wageni ni jambo zuri. Lakini watu wanaongezeka, na ardhi haiongezeki. Mmoja anataka kupanda migomba na kahawa. Mwingine anataka kupitisha ng'ombe. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Nani atawasuluhisha?

Baraza ni nini?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema kwamba kijiji kiwe na Baraza la Ardhi. Baraza hili lina watu saba. Watatu kati yao ni wanawake. Halmashauri ya Kijiji inapendekeza majina. Kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji unayakubali au kuyakataa. Katika mkutano huo kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana sauti. Wajumbe wanafanya kazi miaka mitatu, na wanaweza kuchaguliwa tena.

Ni nani anafaa kuwa mjumbe? Ni mtu mwaminifu, mwenye sifa njema kijijini, anayejua mila za ardhi. Awe raia na mkazi. Mtu aliyehukumiwa kwa wizi au udanganyifu hafai. Sheria haiulizi kabila wala dini. Basi kijiji chenye makabila matatu kisichague watu saba wa ukoo mmoja. Kikifanya hivyo, wengine watasema, "Lile ni baraza lao, si letu." Nao hawatapeleka shauri lao huko. Watachukua fimbo na panga.

Kazi yake ni kupatanisha

Baraza hili si mahakama. Halifungi mtu wala halitozi faini. Kazi yake ni kuwasikiliza wenye ugomvi na kuwasaidia wakubaliane wenyewe.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja mkulima amelima maharagwe mpaka kwenye njia ya kwenda mtoni. Jirani yake ni kijana mfugaji aliyehamia kijijini. Ng'ombe wake wanapita njia hiyo hiyo, nao wanakanyaga maharagwe. Mzee anasema, "Shamba hili ni la baba yangu. Wewe umekuja juzi tu." Kijana anasema, "Mzee wangu, ng'ombe wangu wanywe maji wapi?"

Wajumbe wazuri hawaamui wakiwa wamekaa ofisini. Wanakwenda shambani. Wanawauliza majirani njia ilikuwa wapi zamani. Kama mzee anasema Kinyambo na kijana hakielewi, mjumbe mmoja anatafsiri neno kwa neno, bila kuongeza la kwake. Kila mmoja anasema mpaka amalize. Wanawake pia wanaulizwa, maana wao ndio wanaoteka maji na kupalilia. Mara nyingi wanajua mipaka kuliko wanaume.

Kisha wajumbe wanauliza, "Mtakubaliana vipi?" Labda mzee atarudi nyuma hatua chache na kuacha njia. Labda kijana atalipa maharagwe yaliyokanyagwa, tena atachunga ng'ombe wasitoke njiani. Wakikubali, wanapanda mulamula pande zote mbili za njia. Wahaya wameutumia mti huu kuonyesha mipaka tangu zamani. Katika lugha yao, kulamula ni kuamua ugomvi. Mti huo unawakumbusha wote wawili neno walilokubaliana.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, mjumbe asipendelee ndugu yake. Kama shauri ni la shemeji yake, aseme wazi, akae pembeni.

Pili, mila nzuri zifuatwe, lakini mila isimnyime mtu haki. Zamani mwanamke wa Kihaya hakuruhusiwa kuuza shamba la ukoo alilorithi, ingawa mwanamume aliruhusiwa. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisema kwamba haki ya mwanamke ni sawa na ya mwanamume. Sheria ya mwaka 1999 nayo inakataa mila inayowanyima ardhi wanawake, watoto au walemavu.

Tatu, neno "mgeni" lisiwe silaha. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuwatafuta wahamiaji haramu. Tangu hapo neno hilo linatisha. Mtu akishindwa katika ugomvi wa mpaka, ni rahisi kumwambia mwenzake, "Wewe si raia." Uraia ni kazi ya Idara ya Uhamiaji. Baraza linaulizwa habari za ardhi, nalo lijibu habari za ardhi.

Wasipokubaliana je?

Hakuna anayelazimishwa kukubali. Asiyeridhika anaweza kwenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata nalo linasuluhisha tu mashauri ya ardhi, haliyaamui. Likishindwa, linatoa hati. Kwa hati hiyo mtu anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo linaamua. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, anaweza kwenda huko hata bila hati. Lakini safari ya wilayani inataka nauli na siku nyingi. Ukipatana na jirani yako kijijini, unabaki na nauli yako, na unabaki na jirani.

Wewe uliyejifunza kusoma una kazi. Mapatano yakiandikwa, yasome kwa sauti mbele ya wote. Mtu asitie dole gumba katika karatasi asiyoielewa. Na siku ya Mkutano Mkuu usibaki nyumbani. Nenda ukachague watu saba wanaofaa. Pengine mmoja wao ni wewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, Baraza la Ardhi la kijiji chenu lina wanawake wangapi?
2. Je, makabila yote ya kijiji chenu yanaliamini? Kama hayaliamini, ni kwa nini?
3. Njia za mifugo katika kijiji chenu zinapita wapi? Nani anazijua?